Livingstone na Daftari la Kwihara

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Tabora na kwenda kusini-magharibi mwendo mfupi tu, utafika Kwihara. Hapo ipo tembe kubwa. Wanyamwezi na Wagogo wanaijua tembe vizuri. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, na katikati kuna ua. Tembe ya Kwihara imetengenezwa upya na kuwekwa kuwa nyumba ya makumbusho. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapo.

Katika tembe hiyo aliishi David Livingstone. Alifika tarehe 18 Februari 1872, akaondoka tarehe 25 Agosti mwaka ule ule. Ni miezi sita na siku chache.

Jina lake umelisikia. Labda umesikia pia kwamba yeye ndiye aliyevumbua mito na maziwa ya nchi zetu. Habari hiyo tuiache. Ziwa Tanganyika lilijulikana na wavuvi wa Ujiji tangu zamani sana, na njia alizopita alionyeshwa na wenyeji. Hapa tutasimulia jambo jingine. Tutaeleza jinsi mtu aliyekuwa mgonjwa, mwenye viatu vilivyotoboka, asiye na karatasi, alivyopata nafasi ya kuandika karibu kila siku kwa miaka saba.

Wewe unalijua tatizo hilo. Umetoka shambani, umechota maji, umekoka moto, watoto wanalia njaa, na nguo za kufua bado zinakungoja. Saa ya kushika kitabu iko wapi? Livingstone naye aliulizwa swali hilo na maisha yake, tena tangu alipokuwa mtoto.

Mtoto wa kiwandani

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti, iliyo kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa maskini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Kijiji kilikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. David alipofika umri wa miaka 10 aliingizwa kazini. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine. Alianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku.

Fikiri kidogo. Mtoto wa miaka 10 anafanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, na mapumziko ni ya kula tu.

Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunza Kilatini. Saa 2 usiku alipotoka kazini alikwenda shule ya jioni mpaka saa 4. Kisha alirudi nyumbani akasoma mpaka saa 6 usiku, au mpaka mama yake alipoinuka na kumnyang'anya kitabu. Asubuhi saa 12 alikuwa kiwandani tena.

Hata kiwandani alisoma. Aliweka kitabu wazi juu ya mashine. Kila alipopita mbele yake akiunga nyuzi, alisoma sentensi moja. Akienda na kurudi, sentensi nyingine. Mashine zilipiga kelele sana, lakini alizoea. Baadaye alisema kwamba mazoea hayo yalimsaidia Afrika, kwa sababu aliweza kusoma na kuandika katikati ya watoto wanaocheza na watu wanaoimba na kucheza ngoma. Hakungoja pawe kimya ndipo aandike.

Kwa njia hiyo, akifanya kazi kiwandani wakati wa kiangazi na kusoma wakati wa baridi, alipata kuwa mganga. Mwaka wa 1840 alimaliza masomo ya udaktari, akatumwa na shirika la misheni kwenda kusini mwa Afrika. Alifika huko mwaka wa 1841.

Saa alizokosa watoto wake

Maisha yake ya kusini hatutayaeleza yote, ni marefu. Mwaka wa 1845 alimwoa Mary Moffat. Walijenga nyumba yao kwa mikono yao huko Kolobeng, katika nchi inayoitwa Botswana. Mary alitengeneza mishumaa na sabuni na nguo. David alifua vyuma, alipasua mbao, alilima, alitibu wagonjwa na kufundisha. Kila kitu walikifanya wenyewe.

Jambo moja lazima lisemwe, maana si haki kumsifu mtu kwa upande mmoja. Kazi hizo zote zilimchosha, na jioni hakuwa na nguvu za kucheza na watoto wake. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alilijutia jambo hilo. Watoto walikua haraka, na saa ile haikurudi. Mwaka wa 1852 aliwapeleka Uingereza pamoja na mama yao, akabaki peke yake na safari zake. Kati ya mwaka wa 1854 na 1856 alivuka Afrika kutoka Luanda, pwani ya magharibi, mpaka Quelimane, pwani ya mashariki. Mary alirudi Afrika, akafa kwa homa mwaka wa 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mtoto wao mkubwa, Robert, alikufa Marekani katika vita mwaka wa 1864. Kwa hiyo mtu huyu aliyepata nafasi ya daftari alikosa nafasi ya mambo mengine. Mimi naona tusilifiche.

Wino wa mti

Safari yake ya mwisho ilianzia Unguja mwaka wa 1866. Alishuka Mikindani, akafuata mto Ruvuma. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile, na alitaka dunia ijue habari za biashara ya watumwa.

Utaratibu wake wa kuandika ulikuwa hivi. Mfukoni alikuwa na kijitabu kidogo na kalamu ya risasi. Njiani, msafara ulipopumzika chini ya mti, aliandika maneno machache: jina la kijiji, mto waliovuka, mvua, nani mgonjwa, nani katoroka. Alipofika mahali pa kukaa siku nyingi, alitoa daftari kubwa na wino. Hapo alinakili yale maneno machache na kuyaeleza vizuri. Kijitabu kilikuwa cha siku ya kazi. Daftari kubwa lilikuwa la siku ya kupumzika.

Mwezi wa Januari 1867 kisanduku chake cha dawa kiliibiwa. Toka siku hiyo hakuwa na dawa ya kutosha ya homa. Meno yake yalilegea kwa kutafuna mahindi magumu, na mengine yaling'oka. Mwaka wa 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa sana. Kisha alivuka ziwa akaingia nchi ya Manyema, upande wa Kongo. Huko vidonda vya miguu vilimlaza ndani kwa muda mrefu.

Halafu karatasi zikaisha. Wino nao ukaisha.

Unafikiri alifanya nini? Alichukua magazeti ya zamani aliyokuwa nayo. Aliyakata na kuyashona yakawa vijitabu. Alitafuta maji ya mti mmoja wa huko yenye rangi, akayafanya wino. Kisha aliandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa. Mistari ya gazeti ilikwenda huku, na mistari yake ilikatiza juu yake.

Juu ya karatasi hizo aliandika habari nzito kuliko zote alizopata kuandika. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wengi sana, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja na samaki, kuku, chumvi na vyungu. Watu wa wafanya biashara wa pwani waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ukaanza, wakafyatua risasi katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwi. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Wafanya biashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Livingstone aliona kwa macho yake. Hakuwa na askari, hakuwa na nguvu ya kuzuia. Alichokuwa nacho ni gazeti kuukuu na wino wa mti.

Wino ule ulififia. Baada ya miaka mingi karatasi zile hazikusomeka tena. Siku hizi wataalamu wamezipiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, na mwaka wa 2011 maneno yake yalitolewa yote. Imeonekana kwamba Livingstone alipoyanakili kwenye daftari kubwa aliyabadili mahali pengine. Maneno makali juu ya tabia ya watu wa msafara wake mwenyewe aliyapunguza. Anayenakili ana nafasi ya kutengeneza maneno yake, na pia ana nafasi ya kuficha.

Miezi sita Kwihara

Alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amekonda kama ufito. Alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mtu yule alidhani mzee amekufa. Livingstone hakuwa na nguo ya kubadilisha wala kitambaa cha kununulia chakula. Siku chache baadaye akaja Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, aliyetumwa kumtafuta. Stanley alileta chakula, dawa na barua. Mwisho wa mwezi wa Desemba wakaondoka pamoja kuja Unyanyembe. Unyanyembe ni ile nchi ya Wanyamwezi ambayo Tabora na Kwihara zimo ndani yake.

Wakati huo kulikuwa na vita. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa anapigana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya njia ya biashara na hongo zake. Mwaka wa 1871 askari wake waliteketeza sehemu ya Tabora. Waarabu walimwita mnyang'anyi. Wanyamwezi wengi wanamkumbuka kuwa shujaa. Kwa sababu ya vita hivyo, safari zilikuwa za hatari na wapagazi walikuwa shida kupatikana.

Stanley alitaka Livingstone arudi kwao. Alikataa. Wakapatana kwamba Stanley atakwenda pwani na kumpelekea wapagazi. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley akaondoka Kwihara. Alibeba daftari kubwa la Livingstone, limefungwa na kutiwa lakiri, na barua nyingi. Daftari hilo mpaka leo linaitwa Daftari la Unyanyembe, kwa jina la nchi hii, nalo limehifadhiwa Uskoti.

Livingstone akabaki kungoja. Siku tano baadaye alitimiza miaka 59.

Kungoja si kazi nyepesi. Alihesabu siku: Stanley atafika pwani lini, watu watapatikana lini, watafika Kwihara lini. Alidhani wangefika katikati ya Julai. Walichelewa. Aliandika zaidi ya mara moja kwamba kungoja kunamchosha. Lakini tazama alivyozitumia siku hizo. Hapa ndipo penye utamu wa habari yetu.

Kazi za kujitunza zilikuwa nyingi. Alikuwa na hema alilopewa na Stanley. Alilishughulikia kwa sindano na uzi, na akalipaka lami lisivuje, kwani masika ya kusini yalikuwa yanamngoja. Alipanga mizigo na kuipangua. Alitunza ng'ombe wa maziwa. Tumbo lake lilikuwa bovu, na maziwa ndiyo chakula kilichomfaa. Maziwa yaliyobaki aliyatengeneza jibini za kula njiani. Hata jambo hili aliliandika. Alisema maziwa ya huku huganda yenyewe kwa nusu siku tu, na kwa hiyo jibini yake ni nzuri ila ina uchachu kidogo. Wewe mfugaji wa Unyamwezi ungeweza kumweleza hivyo bila kungoja daftari! Lakini ona: kazi ya jikoni imekuwa habari ya kuandika.

Ndiyo njia aliyoitumia siku nyingi. Hakutenga mambo makubwa ya kuandikwa na mambo madogo ya kuachwa. Alikuwa na saa chache tu za nguvu kwa siku, basi aliandika juu ya kile kilichokuwa mbele yake.

Uani palikuwa na mikomamanga. Ndege wadogo walikuja hapo, jamaa nzima ya ndege kumi: baba, mama, na makinda wanane waliokwisha kukua. Makinda walikuwa wakubwa kama wazazi, lakini bado walidai kulishwa. Mama alitoa chakula kooni mwake akawapa karibu wote. Baba mwenye kifua chekundu alimlisha mmoja au wawili, kisha akawasukuma wengine. Livingstone aliyaandika hayo yote. Sijui alicheka au alikumbuka nyumbani kwake.

Aliwatazama pia watoto wa Kwihara. Wavulana walitengeneza bunduki za matete zenye kifyatulio. Ndani walitia majivu, na bunduki ilipofyatuka majivu yalitoka kama moshi. Wengine walifinyanga za udongo zenye midomo miwili, na moshi wake ulikuwa pamba. Walikuwa na pinde ndogo pia, na kwa bunduki ndogo za mchezo walilenga nzige kwa ustadi sana. Vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa karibu, na watoto waliviigiza. Bila daftari lile, michezo ya watoto hao wa mwaka wa 1872 ingesahaulika kabisa. Wazee wao hawakuiandika, maana hawakufundishwa kuandika.

Siku nyingine aliandika habari za vita. Siku nyingine alisoma vitabu vya wasafiri wengine akabishana nao. Usiku wenye nyota alipima mahali alipo. Siku nyingine aliandika mstari mmoja tu na kuacha.

Mpishi Halima

Sasa tuulize swali ambalo habari nyingi za Livingstone hazijishughulishi nalo. Wakati mzee anaandika, nani anatwanga? Nani anapika?

Jina lake ni Halima. Alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara. Ndiye aliyempikia Livingstone, na mzee mwenye meno mabovu na tumbo bovu hawezi kula kila kitu. Mkate laini, uji, chakula kilichopondwa, vyote vilitoka mikononi mwa Halima. Susi na Chuma, waliokuwa naye tangu miaka ya mto Zambezi, walishughulika na mizigo na kila lililohitajika. Mchana wa Livingstone ulipatikana kwa mikono ya watu hao.

Siku moja pale Kwihara Halima aligombana na mwanamke mwingine wa msafara, Ntaoeka, akaondoka. Ghafula mwandishi wetu hakuwa na mpishi. Alikwenda kwa jirani yake Mwarabu, akatuma barua imfuate. Kumbe Halima alirudi mwenyewe. Alisimama nje. Alitaka mzee atoke na kumwambia aingie, basi. Livingstone akatoka, akamkaribisha, akamwomba asigombane tena. Akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi ili ajue hana kinyongo.

Jioni hiyo alimwandika Halima daftarini. Alimsifu kwa uangalifu wake na akili yake, tena kwamba hakuiba wala hakumruhusu mumewe aibe. Alisema yeye ndiye tegemeo la msafara kuliko wote. Kisha aliahidi kwamba wakifika Unguja atamwachia huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Atamwachia huru. Mtu aliyepiga kelele dhidi ya utumwa kuliko watu wengi wa wakati wake alipikiwa na mwanamke ambaye alikuwa bado hajapewa uhuru wake. Alimpata kwa mfanya biashara mmoja huko safarini. Livingstone alichukia utumwa kweli, lakini alisafiri kwa njia za wafanya biashara wa watumwa, alikula chakula chao, na daftari lake liliandikwa kwa nafasi iliyotoka kwa watu kama Halima. Na Livingstone hakufika Unguja tena.

Maneno yaliyofika pwani

Barua alizobeba Stanley zilifika Uingereza mwezi wa Agosti 1872. Habari za Nyangwe zilisomwa na watu wengi, wakakasirika. Serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hatusemi kwamba barua zile peke yake zilifanya kazi hiyo. Manowari za Waingereza zilitishia kufunga bandari. Na baadaye Wazungu waliofuata njia hizo hizo walikuja kututawala. Lakini mauaji ya wanawake wa Nyangwe yalijulikana kwa sababu mtu mmoja alikata gazeti na kutafuta wino wa mti.

Yeye hakupata kusikia juu ya mkataba huo. Tarehe 14 Agosti 1872 watu 57 waliotumwa na Stanley walifika Kwihara. Siku 11 baadaye msafara ulianza safari ya kusini. Mvua zilikuwa kubwa. Katika mabwawa ya Bangweulu, nchi ya Zambia, alidhoofika mpaka akabebwa kwenye machela. Maandishi ya siku hizo ni mafupi. Siku nyingine ni tarehe tu. Mara ya mwisho aliandika tarehe 27 Aprili 1873. Anasema amechoka kabisa, na kwamba ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa.

Alikutwa amekufa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa mtemi Chitambo.

Kijana mwenye kalamu

Katika wale watu 57 waliofika Kwihara kulikuwa na kijana aliyeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Alitekwa utumwani alipokuwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa shule ya Nasik, Bara Hindi. Alijua kusoma na kuandika.

Siku Livingstone alipokufa, Susi na Chuma waliwaita wenzao. Walifungua masanduku mbele ya watu wote, na Jacob akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwemo, pamoja na vitabu na karatasi, asije mtu akadaiwa baadaye. Walizika moyo wa Livingstone chini ya mti. Jacob alisoma sala, akachonga jina na tarehe kwenye mti huo. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti, wakaanza kuubeba kwenda pwani. Halima na Ntaoeka walikuwa pamoja nao.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Kwihara, kwenye tembe ile ile. Walimkuta humo Mwingereza, Luteni Cameron, aliyekuja kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele ya Tabora wenyeji wa kijiji kimoja walizuia maiti isipite. Basi wapagazi walifunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao sita wayarudishe kama kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Wale sita waliyatupa mabua porini usiku, wakarudi kwa kujificha. Mwili wenyewe ulifungwa upya kama mzigo wa nguo, ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Karatasi zote zilikuwemo katika sanduku lake.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob alikuwepo mazishini. Susi na Chuma walifika huko baada ya mazishi. Walikaa na rafiki wa Livingstone, Horace Waller, wakamsaidia kuyapanga maandishi na kumweleza yale asiyoyaelewa: jina la mto huu, mahali pa kijiji kile. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka ule ule.

Jacob naye aliandika shajara yake njiani, katikati ya kubeba, kufunga kambi na kulinda maiti usiku. Maandishi yake yapo mpaka leo. Baadaye alifanya kazi Frere Town karibu na Mombasa, kisha Buganda, na mwisho alirudi katika nchi ya Wanyamwezi. Alifariki Urambo mwaka wa 1892.